Maalima na Milango ya Usingizi

Kwa miaka kumi na mitatu nilitaka jambo moja tu kutoka kwa Maalima, mwalimu wetu wa dhikri, nalo halikuwa kubwa: akiri, mara moja, mbele yangu, kwamba naye husinzia. Sikuhitaji kuombwa radhi wala kupewa sababu. Nilitaka kinywa kilekile kilichonihukumu kiseme, "Hata mimi." Huenda msomaji akaona ni utoto kumng'ang'ania mwanamke mcha Mungu kwa jambo la namna hiyo. Huenda ni utoto kweli. Lakini jambo lenyewe lilipoanza nilikuwa mtoto.

Tulikutana kwake Kiwanjani, mjini Isiolo, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na watano hivi, pamoja na sisi wasichana watatu tulioletwa na mama zetu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulianza kwa kulitaja Jina la Mungu kwa sauti, tukiyumba pamoja, na katika sehemu hiyo hakuna aliyelala, kwa kuwa si rahisi kulala katikati ya koo kumi na tano. Kisha Maalima aliinua kidole, sauti zikakatika. Kilichofuata alikiita kukaa na moyo. Unafumba macho, unaupumzisha ulimi, unaliacha Jina liingie na kutoka pamoja na pumzi bila kulisukuma. Wazo likija, hulifukuzi wala hulikaribishi. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi, tukasali, yeye akiwa imamu wetu, amesimama katikati ya safu kama ilivyo desturi ya mwanamke anayewaongoza wanawake wenzake.

Sharti nikieleze chumba, kwa sababu bado kinanikera. Kilikuwa cha mabati, kuta na paa, hakina dari, na kufikia saa kumi jioni mabati hayo yalikuwa yamelinywa jua la Isiolo tangu asubuhi. Dirisha lilikuwa moja, na alilifunga. Katika kona alikuwa ameweka chetezo cha ubani, na moshi wake, usipokuwa na pa kutokea, ulitulia vichwani mwetu kama shuka. Mtu aliyepewa kazi ya kubuni mahali pa kuwalaza wanawake kumi na watano kwa wakati mmoja asingekuwa na la kuongeza ila mito. Nilipokuwa mkubwa wa kuthubutu, nilimshauri alifungue dirisha.

"Vumbi," alisema.

Nikamwambia basi tupunguze ubani.

"Malaika," alisema.

Hivyo ndivyo alivyozungumza alipokuwa hataki kuzungumza. Ulimletea sentensi nzima uliyoifikiria wiki mbili, akakurudishia neno moja, na neno hilo likawa limekwisha kuingia ndani na kufunga komeo.

Kuhusu usingizi, hata hivyo, hakuwa na ubahili wa maneno. Alitufundisha kwamba usingizi humwingia anayemkumbuka Mungu kwa milango saba, na mwenye busara huijua yote na kuilinda. Tumbo lililoshiba lilikuwa mlango. Mgongo uliopinda ulikuwa mlango. Miguu iliyofunikwa ilikuwa mlango, na kwa hiyo tulikaa na nyayo wazi hata mwezi wa saba, upepo unapovuma baridi jioni. Wiki nyingine mlango ulikuwa ni kidevu, au kinyongo, au kukaa karibu na mtu unayempenda. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuhesabu, nilihesabu, na katika mwaka wa kwanza peke yake nilifikisha milango kumi na mmoja. Nilipomwambia hivyo, nikidhani atafurahi kwamba ninasikiliza, alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye nguo yake mpya.

"Ni saba," alisema. "Hiyo mingine ni madirisha."

Tiba zake nazo zilikuwa nyingi kama milango. Alitupaka maji nyuma ya masikio. Alituhamisha mahali, kwa kuwa usingizi, alisema, unamjua mtu kwa kiti chake. Aliweka kokoto ndogo chini ya kifundo cha mguu wa mama mmoja mnene, na mama yule akalala juu ya kokoto. Aliyesinzia mara ya tatu aligongwa goti kwa ule mswaki mrefu wa mti alioutafuna asubuhi na kuushika mchana kutwa kama fimbo ya chifu. Buni alizikataza kabisa. Katika nyumba zetu za Waborana hukaangwa kwa samli na kutafunwa, na kila mtu anajua zinaamsha. Yeye alisema usingizi unaofukuzwa kwa buni huenda kuwaita ndugu zake na kurudi nao.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu nilipogongwa mimi. Nilifumbua macho nikakuta kimya, na nyuso zote zimenigeukia.

"Wewe intala," alisema. Ndivyo alivyomwita kila msichana, kwa Kiborana chake. "Umelala?"

"Hapana, Maalima. Nimesinzia tu."

"Anayesinzia husikia sauti ya watu, hata kama haelewi. Wewe umesikia nini?"

Nilikuwa sijasikia kitu. Nilikuwa nimeota ng'ombe wakipanda ngazi za posta, mmoja nyuma ya mwingine, kwa adabu, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, nilisema. Wanawake walicheka. Mama yangu alicheka kuliko wote.

"Anayeota amelala," Maalima alisema. "Ungekuwa umekaa imara, udhu wako ungekuwepo. Lakini ulikuwa umemwegemea mama yako kama gunia. Nenda nje, chukua udhu upya." Nikainuka. Nilipofika mlangoni aliongeza, kwa sauti ya mtu anayemalizia somo: "Moyo unaolala kwenye dhikri ni moyo ambao haukualikwa."

Sijui kama watu wazima hufahamu uzito wa wanachokisema wanapokuwa wanamalizia masomo. Nilitawadha uani, nikarudi, nikakaa mgongo wima, nikasali. Lakini sentensi ile nilitoka nayo. Nilikwenda nayo sekondari, nikaenda nayo chuo cha ualimu, na kila nilipojaribu kukaa na moyo, usiku ulipotulia bwenini au asubuhi kabla ya kengele, usingizi ulikuja bila kubisha hodi, nami nikasema: ndiyo, ni kweli, jina langu halimo kwenye orodha ya walioalikwa. Si kwamba niliacha kusali. Nilisali kama mtu anayepitia mlango wa nyuma wa karamu, akitumaini hakuna atakayemuuliza nani amemwita.

Na wakati wote huo Maalima alikuwa akilala.

Nilimgundua nikiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kujifunza kuchungulia kwa kope. Alilala kwa heshima. Kidevu kilishuka kidogo kidogo, kikapumzika kwenye mtandio, midomo ikalegea, na vidole, hili ndilo lililoniudhi zaidi, vidole viliendelea kuvuta tasbihi, punje kwa punje, bila kuruka hata moja. Mtu asiyemtazama usoni angeapa kwamba yuko macho. Punje ya mwisho ilipofika, alifumbua macho na kuangaza chumba kutafuta nani amesinzia.

Aliyethubutu kumwambia alikuwa muuza maziwa. Mwanamke huyu alikuja mjini kila siku kutoka Gotu na vibuyu vya maziwa ya ngamia, akiondoka nyumbani kabla ya alfajiri, na siku ambazo lori halikupita alitembea mpaka alipopata usafiri. Alilala kwenye dhikri waziwazi, bila aibu, na aligongwa goti mara nyingi kuliko sisi sote kwa jumla. Siku moja Maalima alimrudia kwa ile hukumu yangu, ya moyo usioalikwa.

"Maalima, moyo yangu iliitwa," muuza maziwa alisema. "Lakini imekuja kwa miguu kutoka Gotu. Imechoka."

Tulicheka. Maalima hakucheka, naye muuza maziwa akapata moto.

"Na wewe je? Juzi nimekusikia unakoroma."

"Sikukoroma."

"Walahi, ulikoroma. Mpaka huyu mtoto ameniangalia."

"Hiyo ni dhikri ya koo," Maalima alisema. "Wewe hujafika huko."

Nilimtazama nikingoja japo tabasamu la kuonyesha kwamba anajua tunajua. Halikuja. Aliinua kidole, tukafumba macho.

Ningeweza kumchukia kwa utulivu kama angekuwa mkali kwa kila mtu. Hakunipa hata nafasi hiyo. Alhamisi moja alikuja mke wa karani mmoja na mtoto mchanga mgongoni, mara yake ya kwanza kutoka nje tangu arobaini. Tulipoanza kwa sauti tu, hata kabla ya kimya, alikuwa ameanguka ubavu mkekani, amelala fofofo. Tulingoja mswaki. Maalima alisogea kwa magoti, akamfungua mtoto, akamweka kwenye paja lake mwenyewe, akatuashiria tushushe sauti. Tukashusha. Akaashiria tena. Mwishowe tulilitaja Jina kwa kunong'ona, wanawake kumi na watano wazima, ili mmoja asiamke, na adhana ilipolia Maalima alimfunika kanga yake, akasali bila ya kuwa na kanga ile mabegani.

"Maalima, huyu si amelala?" niliuliza baadaye. Sauti yangu ilikuwa na ukali ambao nyumbani ungenipatia kofi.

"Huyu ametoka kazini," alisema.

Na mimi nilikuwa nimetoka wapi? Nilikuwa nimetoka shuleni, kwenye jua, kwa miguu. Lakini sikuuliza, kwa kuwa nilijua nitapewa neno moja.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha Sericho. Anayeijua njia hiyo atanisamehe nisipoieleza. Asiyeijua na aelewe tu kwamba mtu aliondoka Isiolo juu ya lori akiwa na rangi moja na kufika akiwa na rangi nyingine, na kwamba maji ya kuoga yalikuwa ni habari za mjini. Huko nilijaribu tena kukaa na moyo, peke yangu, chumbani mwangu baada ya darasa la mwisho. Nililala kila mara. Mwezi wa nne dereva wa lori aliniletea kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na buni, kiasi cha vikombe viwili, na dereva alikuwa amepewa maneno ya kusema, akayasema akiwa ametazama juu kama mtoto anayekariri:

"Maalima amesema kaanga kwa samli, tafuna mbili kabla ya kukaa. Amesema usimwambie mtu."

Mama alikuwa amemwambia shida yangu. Nilikaa kitandani na kile kifurushi mapajani nikiwa na hasira ya kulia. Mwanamke aliyekataza buni mbele ya watu kwa miaka yote ile alikuwa amenitumia buni kwa siri. Aliyesema sikualikwa alikuwa akinisaidia kukesha karamuni. Kwa nini asingeandika, au kumwambia mtu aandike, mstari mmoja tu: yale niliyosema siku ile, yaache? Nilizikaanga buni zote, nikawakaribisha walimu wenzangu, tukazimaliza kwa jioni moja. Kukaa na moyo nikakuacha.

Nilihamishiwa mjini baada ya ule ukame mkubwa, nikarudi kwenye duara kwa sababu mama yangu alitaka mtu wa kumshika mkono njiani. Maalima alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa umemgeuka, na sasa alikaa ameegemea nguzo ya katikati, miguu ameinyoosha mbele. Alilala tangu kidole kiliposhuka mpaka adhana, bila kificho, tasbihi imemdondoka. Adhana ilipolia aliamka, akajivuta kwa nguzo, akasimama katikati ya safu na kutusalisha.

Msomaji ameshaiona shida. Alikuwa ametufundisha mwenyewe: aliyelala amekaa imara ana udhu, aliyelala ameegemea hana. Imamu wetu alisali bila udhu, nasi nyuma ya kosa lake tunalijua. Hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani nafunga mlango wa chumba changu na kuisali magharibi upya, haraka, kabla wakati haujatoka, nikijiona mnafiki. Nilifanya hivyo miezi mitano. Kisha siku moja, nikiwa nimesahau kufunga mlango, mama aliingia akanikuta kwenye sijida. Alikuwa na mswala wake mkononi.

"Hata wewe?" alisema.

Tulipouliza kwa uangalifu, ilibainika kwamba wote walikuwa wakirudia. Kila Alhamisi wanawake kumi na watano walitoka kwa Maalima wakiagana kwa upole na kila mmoja akakimbilia kwake kusali kwa siri sala aliyokwisha kusali. Muuza maziwa, ambaye asingefika Gotu kwa wakati, alikuwa akisali nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli. Wakaamua aambiwe. Wakaamua nimwambie mimi.

"Wewe mwalimu, umesoma," muuza maziwa alisema. "Sisi atatugonga."

Nilikwenda Jumatano, alasiri, nikiwa nimepanga maneno kama ninavyopanga somo. Nilimkuta peke yake kwenye nguzo.

"Maalima, nina neno."

"Kaa kwanza. Maneno baadaye."

Akainua kidole. Nikakaa, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa umezoea kukitii kidole kile kabla ya akili kutoa maoni. Na kwa mara ya kwanza maishani sikusinzia hata kidogo. Hasira ilinishika macho wazi kama mtu aliyekunywa birika zima la chai. Nilimtazama kidevu kikishuka, nikamsikia akikoroma, nikaliacha Jina liingie na kutoka kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jua lilishuka. Adhana ikalia, akafumbua macho, akaona ninamtazama.

"Nimelala?" aliuliza.

Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu la swali hilo. Sasa halikuwa na utamu wowote mdomoni.

"Ndiyo, Maalima. Umelala, na ulikuwa umeegemea."

"Nimekoroma?"

"Sana."

Alifikiri. "Na Alhamisi?"

"Na Alhamisi. Kila Alhamisi, tangu kabla ya mfungo."

Niliiona akili yake ikilitafuta lile jambo, kama mkono unavyopapasa kitu gizani na kukigusa. "Na sala zenu?"

"Tunarudia nyumbani."

"Nani anarudia?"

"Sote."

"Wote! Na yule wa Gotu?"

"Nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli."

Nilitazamia alie, au akane. Badala yake alinikasirikia mimi, kwa ukali wake wote wa zamani. "Miezi mitano! Wanawake wazima wanasali magharibi mara mbili, wanajificha nyuma ya baiskeli, kwa sababu ya mzee mmoja? Hakuna hata mmoja wenu mwenye mkono wa kunigusa bega? Niliwafundisha nini mimi?"

"Ulitufundisha kukuogopa," nilisema, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nilimaliza. "Ulisema moyo unaolala kwenye dhikri haukualikwa."

"Nilimwambia nani?"

"Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa bidii, kama anayetafuta uso wa mtoto ndani ya uso wangu. "Sikumbuki," alisema.

Nadhani angenipiga ningestahimili zaidi.

"Ulikuwa mtoto," aliendelea. "Na hapa kuna joto. Mtoto hulala, nani hajui? Mama yako ndiye alikuwa anacheka kwenye dhikri. Pengine nilikasirikia yeye." Akatikisa kichwa. "Na wewe umebeba hiyo maneno mpaka Sericho?"

"Na kurudi."

"Kwa lori," alisema, kwa sauti ndogo, si kama mzaha. Kisha akanyoosha mkono. "Intala, magharibi ni fupi. Nisimamishe. Nimwagie maji."

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo nalo liliniudhi. Uani nilimwagia maji kidogo kidogo kwa birika, viganja, uso, mikono mpaka viwikoni, naye akatawadha bila haraka wakati mimi ninaona wekundu wa magharibi ukififia juu ya mabati ya jirani. Tulirudi ndani. Nilisogea kulia, mahali pa anayesalishwa peke yake na imamu, nikangoja asimame kushoto kwangu.

Hakuja kushoto. Alinizunguka, akinishika bega ili asianguke, akajipanga kulia kwangu, vidole vya miguu nyuma kidogo ya vyangu, kama anavyosimama mwanafunzi. Nilifungua kinywa kumpinga. Alikuwa amenipa uimamu, lakini kuamuru hakukuacha.

"Soma sura fupi," alisema, macho yakiwa mbele. "Ukisoma ndefu nitalala."